Aliyekwenda Kusoma Ng'ambo Yu Wapi? Tathmini ya Masimulizi ya Safari za Masomo kwa Kiswahili

1. Swali letu

Kila mwaka vijana wa vyuo vikuu huvuka mipaka ili kukaa muhula mmoja au miwili katika chuo cha nchi nyingine, wakifuata masomo na, siku za mapumziko zikiruhusu, wakitembelea miji ya huko. Mipango ya namna hiyo si migeni. Marekani ilianzisha mpango wa Fulbright mwaka 1946, na nchi za Jumuiya ya Ulaya zikaanzisha ule wa Erasmus mwaka 1987. Mwanafunzi wa kwetu anayebahatika kupata nafasi hiyo husimulia safari yake mara mbili arudipo. Mara ya kwanza husimulia nyumbani, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi, ndugu na majirani. Mara ya pili huandika ripoti chuoni kwa Kifaransa. Masimulizi ya kwanza huwa na uhai mwingi, lakini hupotea mara tu wageni wanapoagana. Ya pili huhifadhiwa kabatini, ingawa uhai wake ni haba.

Katika makala haya tunanuia kuchunguza jinsi fasihi iliyoandikwa kwa Kiswahili ilivyomshughulikia mtu huyo aliyekwenda ng'ambo kwa ajili ya elimu. Dai letu ni kwamba Kiswahili kilianza mapema na kwa nguvu kusimulia nchi za mbali, lakini riwaya yake ilipomchukua msomi ikampenda zaidi akiwa amekwisha rudi. Siku zake za ugenini zimeachwa kama chumba kilichofungwa. Tutajaribu kueleza sababu, na kuonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo kuliko wengine.

2. Mwanzo: safari zilizochapishwa mwaka 1901

Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha kitabu Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya wasafiri kadhaa. Wengi wao wanaeleza safari za bara la Afrika: Sleman bin Mwenye Chande, kwa mfano, anaeleza mwendo wake kutoka pwani hadi pande za Ziwa Tanganyika. Lakini Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anatupeleka kwingine kabisa. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Mjerumani Bumiller, katika safari ya Urusi, Siberia na nchi za Asia ya Kati.

Salim hakuwa mwanafunzi, wala hakuna chuo kilichomwalika. Alikuwa mtumishi. Hata hivyo, tukipima masimulizi yake kwa vipimo vya fani na maudhui, tunaona kwamba amefanya kazi ambayo mwanafunzi wa leo huagizwa kuifanya: kutazama, kulinganisha, na kueleza kwa lugha ambayo msikilizaji wa nyumbani ataielewa. Mbinu yake kuu ni ulinganisho. Jambo geni halitajwi kwa jina geni na kuachwa hivyo, bali huwekwa kando ya jambo linalojulikana, hata msomaji akapata picha. Miji, mito, wanyama, mavazi, vyakula na ibada za watu wa huko vyote vinapita katika lugha ya pwani bila lugha hiyo kulemewa.

Hilo ni jibu tosha kwa wale wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza maisha ya Ulaya. Mwaka 1896 hapakuwa na baraza lolote la kusanifu istilahi, kwani Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Salim alikuwa na Kiswahili cha watu, macho yake, na haja ya kueleweka, na kwa hayo matatu akaivuka Siberia.

Pamoja na sifa hizo, yapo mapungufu, na mhakiki hana ruhusa ya kuyafunika. Masimulizi haya yalikusanywa na mwalimu wa Kijerumani, yakatolewa pia kwa tafsiri ya Kijerumani, na wasomaji yaliowalenga kwanza ni wanafunzi wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kwa kazi katika koloni. Kwa hiyo Mswahili anasimulia Ulaya, lakini anayemsikiliza ni Mzungu. Mtumishi anayejua kwamba bwana atasoma hasemi yote yaliyo moyoni. Ndiyo sababu tunayajua zaidi aliyoyaona Salim kuliko yaliyompata. Tumepewa njia yote, ila mwenye njia tumepewa nusu yake.

Jambo kama hilo laonekana kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ile ile, akaoa Mjerumani mwaka 1904, akafariki huko huko Berlin mwaka 1927. Maisha yake yangetosha riwaya nzima. Lakini kitabu kinachofungamana na jina lake, Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, kinahusu mila za nyumbani. Wenyeji wake walimtaka awe shahidi wa Afrika, wala hawakumtaka awe shahidi wa Berlin. Ndivyo anavyofanyiwa mgeni wa masomo hata leo: huombwa mara nyingi aeleze kwao kukoje, na ni mara chache aulizwe anayaonaje anayoyakuta.

3. Riwaya: msomi aliyekwisha rudi

Tukiacha masimulizi ya safari na kuingia katika riwaya, tunamkuta msomi wa ng'ambo mara kwa mara. Tutatoa mifano miwili. Katika Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi, Denge ni kijana wa Unguja aliyesoma Urusi, akarudi visiwani wakati wa utawala wa Mwingereza, akajitosa katika harakati za ukombozi huku polisi wakimwandama. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Madhubuti, mwana wa Mtemi Nasaba Bora, anarudi kutoka masomoni Urusi na kukataa kuishi kwa matunda ya dhuluma ya baba yake.

Wahusika hawa wawili wameachana kwa wakati na kwa mazingira, lakini wamejengwa kwa mti mmoja. Wote wawili wamesoma Urusi. Wote wanarudi na msimamo ulio kamili, unaogongana na mamlaka, katika mfano wa kwanza mamlaka ya mkoloni, na katika wa pili mamlaka ya mtawala wa kienyeji ambaye ni baba mzazi. Na katika riwaya zote mbili maisha ya ugenini hayasimuliwi kwa mapana. Urusi ni jina la mahali pa kutokea. Hatuoni kijana akitafuta chumba, akikosea maneno ya lugha ngeni mbele ya darasa, akihesabu fedha zake mwisho wa mwezi, wala akisoma barua ya nyumbani usiku wa baridi.

Je, hilo ni kosa la watunzi? Kwa sehemu tu. Riwaya zao zinahusu Unguja na Sokomoko, na kila mtunzi ana haki ya kuchagua uwanja wake. Lakini uchaguzi huo ukirudiwa huzaa fikra: kwamba elimu ya ng'ambo ni dawa iliyomezwa tayari, na msomi hurudi amekamilika. Mabadiliko yenyewe, yaani mashaka, aibu, tamaa, urafiki na wenyeji, na siku alipoanza kuishuku imani aliyotoka nayo nyumbani, yamefanyika nyuma ya pazia. Matokeo yake ni kwamba msomi wa riwaya ya Kiswahili huwa ama shujaa ama msaliti. Ni nadra awe mtu anayejifunza.

Adam Shafi mwenyewe amelitia pengo hili kiraka katika Mbali na Nyumbani (2013), kazi iliyosukwa kwa maisha yake. Humo kijana wa Unguja mwenye kiu ya elimu anaiandama njia ya kwenda Ulaya akipitia Kenya, Uganda, Sudan hadi Misri. Hapa hatimaye tunapewa kijana mwenyewe, pamoja na njaa, woga, ujanja na marafiki wa njiani. Ni kazi ya thamani, nasi twaipongeza. Lakini na iangaliwe vizuri: uzito wake uko njiani. Njia ya kwenda shule imepata kitabu chake, ila darasa lenyewe bado linangoja.

4. Upande wetu

Sisi wa Kongo hatukukosa masimulizi ya wasomi waliokwenda mbali. Tunayo, na ni makubwa. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji uitwao leo Likasi na aliyefundisha Lubumbashi, alitembea Marekani kuanzia Septemba hadi Novemba mwaka 1974, akatoa daftari la safari hiyo mwaka 1976 kwa jina Carnets d'Amérique. Miezi mitatu hiyo inakaribia muhula mmoja. Mwaka 1979 akachapisha riwaya L'Écart, ambamo Ahmed Nara, kijana wa Kiafrika anayefanya utafiti wa historia huko Paris, anaandika katika madaftari jinsi nafsi yake inavyopasuka. Kile chumba tulichosema kimefungwa katika riwaya ya Kiswahili, Mudimbe amekifungua wazi, na kilichomo kinatisha. Lakini amekifungua kwa Kifaransa.

Kwa upande mwingine, mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville kilitoa Vocabulaire ya mji huo, historia iliyotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji wenyewe, ambayo Johannes Fabian aliichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Kichwa chake ni cha Kifaransa, ila mwili wake ni Kiswahili.

Tukiyaweka haya pamoja na yale ya mwaka 1901, sura moja inajitokeza, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Salim alikuwa mtumishi, akasimulia dunia kwa Kiswahili. Yav na wenzake walikuwa watumishi, wakasimulia mji wao kwa Kiswahili. Mudimbe alikuwa profesa, akaandika kwa lugha ya shule. Hatumlaumu yeye, kwani kila mtu huandika kwa lugha ambayo shule ilimpa kalamu yake, na shule zetu huachana na lugha ya nyumbani mapema na kushika Kifaransa. Lakini msomaji wa Kiswahili anabaki na urithi wa ajabu: anaijua Siberia kwa macho ya mtumishi, na haijui Paris wala Chicago kwa macho ya mwanafunzi. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa. Lugha ya taifa isiyosimulia maisha ya wasomi wake itafundishwa na kusifiwa, ila fikra zitafanyika kwingine.

5. Vipimo vya masimulizi ya muhula

Mwanafunzi anayerudi leo atatuuliza: basi niandike nini, na mtanipima vipi? Twapendekeza vipimo vinne, vilivyotokana na kazi tulizozichunguza.

Kwanza, msimulizi amjue msomaji wake. Anayemwandikia mfadhili atashukuru tu, na anayemwandikia mdogo wake atasema kweli. Somo hili tumelipata kwa Salim.

Pili, aeleze darasa na chumba kabla ya minara na makumbusho. Mji maarufu umekwisha elezwa na wengi. Ambalo halijaelezwa ni jinsi mwalimu wa huko anavyopokea swali, jinsi wanafunzi wanavyobishana naye, na bei ya mkate ikilinganishwa na msaada wa masomo unaotolewa kila mwezi.

Tatu, aionyeshe lugha ikimbadilisha. Mtu aishiye kwa lugha ya wengine hupungukiwa kwa muda: mcheshi huwa bubu, na mwenye busara huonekana mtoto. Hiyo ni maudhui ya kweli ya elimu ya ugenini, na Kiswahili, ambacho kwa wengi wetu ni lugha ya pili au ya tatu, kina uzoefu mkubwa wa jambo hilo.

Nne, asirudi akiwa amekamilika. Aseme aliyoyapata, aliyoyapoteza, na ambayo hadi leo hajayaelewa.

Kuhusu swali la Kiswahili kipi kitumike, sanifu au cha Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, jibu letu ni fupi. Salim aliandika Kiswahili chake, na Yav akaandika chake. Msanifishaji ana nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baada ya msimulizi. Akitangulia yeye, hapatakuwa na kitu cha kusanifisha.

6. Tamati

Tumeona kwamba masimulizi ya nchi za mbali kwa Kiswahili yana umri wa zaidi ya karne moja, kwamba riwaya imempokea msomi mlangoni bila kumuuliza alikotoka, na kwamba huku kwetu habari hiyo imehamia lugha nyingine. Sababu haipo katika upungufu wa lugha, bali katika mgawanyo wa kazi kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya cheti.

Mgawanyo huo haukushuka kutoka mbinguni. Idara za Kiswahili zaweza kuanza na jambo dogo: kila mwanafunzi wa idara arudiye kutoka muhula wa ng'ambo atakiwe, pamoja na ripoti yake ya Kifaransa, kutoa masimulizi ya kurasa 20 kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya wenzake na kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya fasihi. Nyingi zitakuwa dhaifu, kama ilivyo kawaida ya maandishi ya mwanzo. Lakini ikipatikana moja tu iliyofungua chumba kile, mhakiki atakayekuja baada yetu atakuwa na kazi nyingine ya kufanya zaidi ya kuhesabu mapengo.