Mipaka ya Takwimu za Setelaiti katika Kupima Ardhi Iliyoungua: Uhakiki kutoka Milima ya Uluguru

Takwimu za setelaiti kuhusu ardhi iliyoungua hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ni vipimo kamili, ilhali ni makadirio. Uhakiki huu unahoji kufaa kwake katika Milima ya Uluguru, Morogoro, ambako wakulima huchoma vipande vidogo vya mashamba ya miteremkoni kabla ya mvua, na moto huweza kuvuka mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru.

Data za MODIS ziitwazo MCD64A1 zina pikseli ya takribani mita 500, yaani zaidi ya hekta 20. Shamba la nusu hekta likiungua ni chini ya sehemu moja ya arobaini ya pikseli hiyo, hivyo alama yake humezwa na uoto uliosalia. Roteta na wenzake (2019) walipopima Afrika kusini mwa Sahara kwa picha za Sentinel-2 za mwaka 2016, walipata kilomita za mraba milioni 4.9, takribani asilimia 80 zaidi ya MCD64A1.

Hata hivyo, picha zenye pikseli ndogo hazimalizi tatizo. Kwa pikseli ya mita 20, shamba hilohilo huwa na pikseli kumi na mbili hivi, nyingi zikiwa za ukingoni. Aidha, mawingu huziba miteremko ya mashariki inayopokea pepo za Bahari ya Hindi. Yanapoondoka, mvua huweza kuwa imesomba majivu na nyasi kuchipua. Kwa upande mwingine, vivuli vya miteremko mikali hufanana na ardhi iliyoungua. Hivyo setelaiti ileile huacha moto uliokuwapo na kuongeza usiokuwapo.

Udhaifu mwingine umo katika uthibitishaji. Data za MODIS huthibitishwa kwa picha za Landsat za mita 30, ambazo nazo huzuiwa na mawingu na vivuli vilevile.

Athari zake si za kitaaluma pekee. Kijiji huweza kulaumiwa kwa sababu ya kivuli, au kusifiwa kwa sababu ya wingu. Na ongezeko baada ya mwaka 2015, Sentinel-2 ilipoanza kazi, huweza kuwa la uwezo wa kuona, si la moto. Kwa mantiki hiyo, kila takwimu iambatane na viwango vya makosa ya kuacha na ya kuongeza, idadi ya picha zisizo na mawingu, na ukaguzi wa uwandani. Ramani isiyoonyesha moto haithibitishi kwamba moto haukuwapo.