Kisasi na Hukumu katika A Study in Scarlet

Riwaya ya upelelezi hudhaniwa mara nyingi kuwa ni fumbo tu: maiti huonekana, dalili hukusanywa, muuaji hutajwa. A Study in Scarlet (1887), riwaya ya kwanza ya Arthur Conan Doyle kuhusu Sherlock Holmes, yakanusha dhana hiyo. Humo muuaji hukamatwa katikati ya kitabu, ilhali swali zito halijaguswa: je, mlipiza kisasi ni mhalifu au ni hakimu?

Msuko umegawanyika sehemu mbili. Katika ya kwanza, Daktari Watson anasimulia jinsi Enoch Drebber alivyokutwa amekufa katika nyumba tupu jijini London, na ukutani limeandikwa kwa damu neno la Kijerumani lenye maana ya kisasi. Kisha katibu wake, Joseph Stangerson, anauawa kwa kisu hotelini. Holmes anamnasa Jefferson Hope, mwendesha gari la farasi. Hapo usimulizi wa Watson wakatika. Kwa sura tano msimulizi mwingine ampeleka msomaji Utah, Marekani, ambako Stangerson alimwua John Ferrier, naye Drebber akamwoa kwa nguvu Lucy, binti wa kulea wa Ferrier na mchumba wa Hope. Lucy hakumaliza mwezi.

Sehemu hii yaweza kuonekana kuwa kiraka, na dosari yake ni wazi: jamii nzima ya Wamormoni imepakwa rangi moja ya uovu. Hata hivyo, ndiyo ibebayo dhamira. Nyayo na majivu ya sigara humtambulisha muuaji, hayawezi kumpima.

Kiini cha kazi hii ni vidonge viwili, kimoja cha sumu na kimoja salama. Hope ajitetea kwamba alimwachia Mungu hukumu: adui achague, naye ameze kitakachobaki. Lakini Drebber alichagua kisu kikiwa kooni. Stangerson alipokataa kuchagua na kumrukia, alichomwa moyoni. Mahakama ambayo mshtakiwa akiikataa huuawa papo hapo si mahakama. Ni kisasi kilichovaa joho la haki.

Mtunzi ameyaonyesha hayo, kisha akayakimbia. Usiku uliofuata kukamatwa kwake, Hope afa kwa kupasuka mshipa mkubwa wa moyo, kabla ya kesi kusikizwa. Msomaji aliyekwisha kumhurumia atuliwa mzigo wa kuamua. Katika Murder on the Orient Express (1934), Agatha Christie naye amwokoa mlipiza kisasi na mahakama. Lakini huko ni watu waamuao, wakijua wanachokificha. Kwa Doyle, maradhi ndiyo yaamuayo.

Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla amewazoeza wasomaji wa Kiswahili mpelelezi wa jamii ya Holmes. Urithi huo una deni lake: kumpata muuaji ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuthubutu kumhukumu.