Firigisi ya Sultani: Kijiji katika Mchezo wa Mufwankolo

Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilikwenda kuigiza katika kijiji cha Kawama, mbele ya kamera za televisheni. Mchezo wenyewe, Le pouvoir se mange entier, yaani mamlaka huliwa mazima, haukuandikwa: waigizaji walikubaliana juu ya kisa, wakakifanyia mazoezi, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo. Johannes Fabian aliyanakili na kuyatafsiri katika Power and Performance (1990). Tangu hapo wengi wetu tumeusoma kama fumbo juu ya utawala wa siku zile.

Usomaji huo si wa uongo. Sultani asiyekubali kugawana mamlaka, nani mwaka ule hakumjua? Lakini tukilishika fumbo upesi mno, watu wa Kawama wanageuka pazia la nyuma tu, na kijiji kinakuwa jina lingine la taifa.

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wetu siku huanza kwa maji na jembe. Muhogo hulowekwa, huanikwa na kutwangwa kabla haujawa bukari. Mwanamume hukata miti, huifukia kwa udongo, hukesha akilinda tanuru lisije likawaka moto wazi, kisha hufunga magunia juu ya baiskeli na kuisukuma hadi mjini. Mkaa huo twauita makala. Nasi chuoni twaandika makala ya namna nyingine, mara nyingi tukiwa tumeshiba chakula kilichopikwa kwa yale ya kwanza.

Kwa mtu wa maisha hayo sultani hasimami badala ya rais. Ndiye anayeonyesha mahali pa kulima na kusikiliza kesi ya mihogo iliyoibwa. Akila mamlaka mazima, mkulima huona matokeo yake shambani mwake. Fabian mwenyewe aeleza kwamba msemo huo aliusikia kwenye mlo, juu ya firigisi ya kuku. Hilo latutosha kama dokezo. Yeyote aliyelelewa kijijini ajua kwamba firigisi haikatwi vipande ili kila mtoto aonje, na kwamba aliyeipika siye anayeila. Kabla ya kuwa siasa, msemo huu ni desturi ya sahani, na mwanamke aliye jikoni aujua kuliko mchambuzi yeyote.

Waigizaji walikuwa watu wa mjini wakiwaigiza wanakijiji mbele ya wanakijiji wenyewe. Je, hao walicheka mahali gani? Walinyamaza wapi? Hapo ndipo tungependa kusikia zaidi, na tasnifu zetu zinazorudia neno “mapokeo” kila ukurasa hazitusaidii. Waliokuwa watoto mwaka 1986 sasa ni watu wazima wenye kaya zao. Mwanafunzi atakayeuchagua mchezo huu aanze kwao. Kawama si mbali.