Mikro mpya za gitaa: mbele ya kulipa, tusikilize kwanza

Wapendwa wa page yetu, na wadogo wangu ambao mungali ku auditwari, leo ninaacha mihogo pembeni. Kuna audio moja inazunguka mu magurupe ya WhatsApp hapa Kabambare, imefika mpaka Kasongo, na iko karibu kula pesa ya watu. Ninataka kuichambua kama vile tunachambua kitabu.

Mambo yenyewe njo haya. Korali moja ya vijana imechanga dola 140. Ni pesa ya karanga na mawese, miezi minane ya kuuza kidogo kidogo. Wanataka kubadirisha mikro za gitaa mbili, ya solo na ya akompa, juu gitaa hizo "zinalia vibaya". Muuzaji mu audio anawaambia: muweke mikro kali, ya koili mbili, yenye kilo-omu nyingi, na gitaa itatoa sauti ya Kinshasa. Anasema kwa uhakika wa ajabu. Na vijana wanamuamini, kwa sababu kila mtu anataka kulia kama Kinshasa.

Mikro tunayosema hapa si ile ya muimbaji. Ni ile sanduku ndogo iliyo chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna waya ya shaba nyembamba kama unywele, imezungushwa mara elfu saba, elfu nane. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unasumbua nguvu ya sumaku, na waya inazaa umeme kidogo. Michael Faraday alionyesha kanuni hiyo mu mwaka 1831, hata gitaa ya umeme haijafikiriwa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hapo hazitoi kitu.

Sasa hiyo "sauti ya Kinshasa". Ya nani? Ya mwaka gani? Hapa njo ninamshika muuzaji wetu. Chukua African Jazz ya 1960, wakati Kabasele na wenzake walirekodi Indépendance Cha Cha kule Brussels. Docteur Nico anapiga solo, ndugu yake Dechaud anapiga akompa. Sikiliza na ekuta nzuri, si na simu tupu. Gitaa ya Nico ni safi, karibu ya maji. Kila noti inaanza na kuisha, na unasikia kidole. Hakuna mahali inapiga kelele. Kiisha chukua Mario ya Franco, mwaka 1985. Miaka 25 imepita, muziki umekuwa mrefu, gitaa zimekuwa nyingi, lakini ukisikiliza vizuri utaona kila moja iko na kiti chake. Moja iko chini, inazunguka bila kuchoka. Ingine iko katikati. Ya solo inakuja juu, inasema neno, inatoka. Hazikanyagani.

Mimi ni mtu wa kilimo, mutanisamehe: ni kama nafasi kati ya mimea. Muhogo unapanda mita moja kwa mita moja. Ukiweka nusu mita juu unataka mavuno mara mbili, utavuna majani. Gitaa tatu zote zikiwa na mikro kali, zote zinajaza sauti ya katikati, na pale njo mahali pa sauti ya mtu anayeimba. Korali itaimba nyuma ya ukuta. Hiyo ni hasara kubwa kuliko gitaa kulia nyembamba, juu watu wanakuja kanisani kusikia maneno.

Kwa hiyo nguvu ya mikro si uzuri wa mikro. Zile kilo-omu muuzaji anahesabu kama mtu anahesabu magunia, ni upinzani wa waya tu. Waya ikiwa ndefu zaidi, ama nyembamba zaidi, namba inapanda. Mikro ya koili moja ya kawaida iko ku kilo-omu sita hivi. Ya koili mbili ya mtindo wa zamani iko ku saba na nusu mpaka nane na kitu. Ukipanda mpaka kumi na tano, unapata nguvu, kweli, lakini sauti za juu zinapunguka, na ampli inaanza kukwaruza mapema. Kwa mtu anayepiga roki ya Marekani, ni hiyo anatafuta. Kwa seben, ambayo uhai wake ni noti ndogo ndogo za haraka, unaifunika blanketi.

Mutaniuliza: na Konono N°1? Wao si walikwaruza mpaka dunia nzima ikawasikiliza? Ni swali zuri, na ninalipenda kundi hilo. Mawangu Mingiedi, aliyekufa 2015, alianzisha kundi lake mu miaka ya 1960, na likembe zake zilikuwa zinamezwa na kelele ya barabara za Kinshasa. Akatengeneza mikro yeye mwenyewe, na sumaku za vyuma vya magari vilivyotupwa na waya ya shaba. Dini ileile ya sumaku na koili. Diski yao Congotronics ilipotoka 2004, Wazungu wengi waliandika juu ya ule mkwaruzo kama vile ni wa wasanii wa umeme wa Ulaya. Mimi ninasikia kitu kingine: mtu aliyejua atapiga wapi, mbele ya nani, kushindana na kelele gani, na akatengeneza mikro ya mahali pale. Likembe tatu za Konono zinagawana kazi pia, moja ya chini, zingine za juu. Ukikopa mkwaruzo wao ukauweka mu korali ya sauti nne, umekopa viatu bila kuangalia mguu.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakuligusa hata kidogo, na kwetu njo la kwanza. Wapigaji wetu wengi wa akompa na mi-solo wanafunga gitaa mi-composé: wanatoa uzi wa nne, ule mnene, wanaweka uzi mwembamba unaolia oktavi moja juu. Utamu mwingi wa rumba unatoka pale. Lakini mikro nyingi za koili moja ziko na vichwa vya sumaku visivyosogea, vimepangwa juu na chini kwa nyuzi za kawaida. Uzi mwembamba ukikaa juu ya kichwa kilichopangiwa uzi mnene, unaweza kuruka kuliko wenzake, na huna cha kufanya. Mikro yenye skrubu unaweza kushusha kichwa kimoja kwa bisibisi, nusu mzunguko, unasikiliza, tena nusu. Kwa gitaa ya akompa, hiyo skrubu ni ya lazima kuliko jina la kampuni.

Na kelele. Kwetu tunapiga kwa gurupe ya mafuta, ama kwa pano za jua, batri na konvertiseri. Koili moja inaokota ule mngurumo wa umeme kama antena. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson, mwaka 1955, aliomba hati ya uvumbuzi wa koili mbili zilizopingana: mngurumo unaingia pande mbili na kujifuta, sauti ya uzi inabaki. Kwa hapo muuzaji yuko sawa, koili mbili ni shauri zuri kwa Kabambare. Lakini hazifuti yote. Ule mlio mkali wa konvertiseri ya bei ndogo unapita hata kwa waya za ndani na jeki iliyolegea. Ukikosa misa nzuri, ukikosa karatasi ya shaba ndani ya lile shimo, utalipa na mlio utabaki palepale.

Kitu kingine ninakisema haraka. Sumaku nzuri za mikro zinaitwa alnico: aluminiamu, nikeli, kobalti. Ile ya namba tano iko na kobalti karibu robo ya uzito wake. Vita ya Kolwezi ilipolipuka Mei 1978, bei ya kobalti ilipanda vibaya mu dunia, na watengenezaji wengi wa spika wakakimbilia sumaku za keramiki. Yaani sauti ya spika nyingi za Ulaya na Marekani ilibadirika kwa sababu ya Katanga. Na bati ya kulehemu waya za mikro inatoka mu kasiterite, ile wenzetu wa Kalima na Punia wanachimba na mikono. Tunatoa kilo, tunarudishiwa gramu kwa bei ya dola. Wanafunzi wa jiolojia na wa ekonomi, hiyo kazi ya mwisho wa masomo inawangojea.

Turudi ku dola 140. Mikro za kampuni yenye jina, seti moja, inapita dola mia, bado usafiri. Kwa gitaa mbili pesa haitoshi. Kumbe muuzaji atawapa zile za dola kumi na tano zenye jina lililobandikwa, na atabaki na zilizobaki. Mimi sisemi mikro ya bei ndogo ni mbaya siku zote, nimesikia nzuri. Ninasema hakuna mtu aliyepima kitu chochote mbele ya kuagiza. Nafasi ya nyuzi ni milimita ngapi? Shimo ni la koili moja ama mbili? Mapotansiometa ni ya 250 ama 500? Koili mbili ku 250 zinalia kama ziko ndani ya chungu, na mpigaji atalaumu mikro.

Nimeziona gitaa zote mbili. Ile ya solo iko na nyuzi za kutu. Kwa unyevu wetu nyuzi zinakufa haraka. Mikro yake imepandishwa mpaka inakaribia kugusa uzi, na sumaku ikikaa karibu hivyo inavuta uzi, noti inayumba, mtu anafikiri gitaa imeharibika. Ile ya akompa inapiga filimbi ampli ikipanda: koili zimelegea, zinataka nta. Nta ya mishumaa na kidogo ya nyuki, ndani ya maji ya moto, isipite digri 65, juu plastiki itayeyuka.

Shauri langu kwa korali: nyuzi mpya seti mbili, jeki mbili, karatasi ya shaba, bati. Hiyo haipiti dola 40. Mikro ya solo mushushe mpaka milimita mbili na nusu, mukikandamiza uzi ku fureti ya mwisho. Kama kiisha hapo akompa ingali mbaya, munue mikro moja tu, ya upande wa daraja, koili mbili, alnico, kilo-omu nane hivi, yenye skrubu. Ya solo muiache na koili zake moja. Zile nafasi za katikati za swichi, ambapo mikro mbili zinafanya pamoja, ku gitaa nyingi zinafuta mngurumo bure. Jaribuni mbele ya kubisha.

Kikao chao ni Jumamosi kiisha misa ya asubuhi. Nitakuja na mita, bisibisi na spika yenye batri, na tutaweka Nico kwanza, watu wote wanyamaze, ndipo mhazini afungue ile bahasha.