Muhuri wa Tarehe

Tangu kanuni zake rasmi za mwaka 1989, lugha ya C ina maneno mawili, __DATE__ na __TIME__. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, huweka mahali pake tarehe na saa ya kazi hiyo. Wengi huyatia katika programu ya kifaa kama mita ya umeme, ili fundi ajue ndani mna toleo lipi.

Nia ni njema, ila ushahidi ni dhaifu. Saa hutajwa bila kusema ni saa za nchi gani. Tena muhuri ni wa faili moja: nyingine zikirekebishwa nayo isiguswe, tarehe ya kale hubaki katika programu mpya. Kubwa zaidi, maandishi yale yale yakigeuzwa mara mbili hutoa programu mbili zisizolingana. Mkaguzi atathibitishaje basi kwamba kilichomo katika mita ndicho kilichoandikwa?

Ndiyo maana kompaila ya GCC, tangu toleo la 7 la mwaka 2017, hukubali kupewa tarehe isiyobadilika. Bora zaidi ni namba inayotokana na maandishi yenyewe. Mwenye mita hahitaji kujua programu iligeuzwa lini. Anahitaji kujua ni ipi inayomhesabia umeme wake.