Tadbiri ya Saa katika Njia ya Chogoria

Msafiri apandaye merikebu ya anasa kwenda kutazama barafu za Svalbard, kaskazini ya dunia, hulala katika chumba kile kile kila usiku, jiko na tangi la maji vikisafiri pamoja naye. Na kwa kuwa jua la kiangazi huko halizami, nahodha ana wasaa wa kuwashusha abiria ufuoni saa yoyote bahari inapotulia. Wapagazi, wapishi na viongozi wa Chogoria, mji ulio kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, nao huwahudumia wageni wa barafu, walakini jiko lao hupanda Mlima Kenya migongoni mwa watu, na jua la Ikweta huwapa saa 12 tu za nuru. Kazi hiyo, ambayo wengi huidhania kuwa ya misuli, kwa hakika ni kazi ya tadbiri ya saa.

Lango la hifadhi liko takriban mita 2,950 juu ya bahari, na kilele cha Lenana mita 4,985. Mwili wa mwanadamu haustahimili kupandishwa kimo hicho kwa pupa, maana hewa ikipungua kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na ang'ang'aniaye kupanda katika hali hiyo huhatarisha uhai wake. Ndipo viongozi huigawa njia kwa vituo: langoni, kisha aghalabu karibu na Ziwa Ellis, kisha kambi ya Mintos, ukingoni mwa bonde la Gorges, ambamo Ziwa Michaelson huonekana chini kabisa, na alasiri wageni hupandishwa kidogo, wakarudishwa kulala chini. Kila asubuhi wageni hutangulia, ilhali wapagazi hubaki wakikunja mahema na kuosha sufuria, kisha huwapita njiani, ili wageni wakute hema limesimama na chai iko tayari. Aondokaye mwisho ndiye sharti afike kwanza.

Mpishi naye ana hesabu zake. Katika kimo cha mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, hata maharagwe ya githeri yaweza kutokota tangu adhuhuri mpaka jioni yakabaki magumu, huku gesi iliyobebwa mgongoni ikiteketea bure. Dawa yake ni kuyachemsha nyumbani kabla ya safari, au kuchukua sufuria ya presha. Maji huchotwa katika vidimbwi vya Hall, karibu na kambi ya Mintos, kabla ya magharibi, madumu yakaingizwa hemani, kwa maana usiku vidimbwi hufunikwa na utando wa barafu, na mpishi aamkaye saa saba usiku hana wasaa wa kuuvunja gizani. Hata mimea huko hutii saa: lobelia hukunja majani yake jioni kukinga kichipukizi kisigande.

Kukiendea kilele saa nane au tisa za usiku si kwa ajili ya kuwahi macheo pekee. Changarawe za mteremko wa Lenana hushikana kwa baridi, mguu ukakanyaga pagumu. Jua likipanda, zile barafu zilizoyafunga mawe huyeyuka, na mtu huteleza kila apandapo. Fauka ya hayo, mawingu hupanda kutoka misituni kabla ya adhuhuri, yakaifunika barafu ya Lewis iliyo karibu na kilele, ambayo kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Na mgeni aliyechelewa huyakosa hata hayo mabaki.

Kwa mabaharia, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 umeweka kiwango cha chini cha saa 10 za mapumziko katika kila saa 24. Mpishi wa Chogoria, aliyeamka saa saba usiku na kushuka na mzigo mchana kutwa, hutegemea insafu ya kiongozi wake. Basi mwenye kukodi msafara, kabla ya kuuliza bei, na aulize mpishi atalala saa ngapi. Jibu lake litamwonyesha kama kiongozi ameihesabu safari ya watu wote, au ameihesabu miguu ya mgeni tu.