Tairi la Kombi Husomwa Ubavuni

Mnunuzi wa tairi akiingia dukani huanza na kidole. Anakipenyeza kwenye mifereji, anapima kina cha meno, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaulizia bei. Nami nilinunua hivyo kwa miaka mingi. Kisha nikapata Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, ile ya kulala ndani, yenye kitanda, jiko la gesi na paa la kuinua, nikaifungia matairi manne mapya ya meno mazuri mno. Siku moja tukiwa kati ya Makuyuni na Minjingu, pale mbuga inapofunguka na upepo unapiga kutoka ubavuni, gari lilianza kuyumba kama dau lisilo na farumi. Usukani haukuwa na kosa, wala shokabzoba. Matairi yalikuwa ya gari dogo, na ubavu wake ulikuwa laini.

Kombi ni kisanduku kirefu chenye pande bapa. Dereva amekaa juu ya magurudumu ya mbele, injini iko nyuma kabisa, na gari la kambi huongezewa kabati, maji, vyombo, magodoro na familia. Likijaa, uzito wake unapita tani mbili. Upepo ukipiga pande zile, au dereva akikwepa shimo, kinachozuia gari kulala upande ni ubavu wa tairi. Ukiwa laini hupinda kwanza, kisha gari hufuata, na dereva hurekebisha kitu ambacho tayari kimepita. Kwa hiyo ubavu ndio ninaoutazama kwanza, na bahati nzuri kila kitu kimeandikwa hapohapo.

Tairi la asili la Kombi za miaka ya sabini ni 185R14. Lililo sahihi leo huwa na herufi C mwishoni, alama ya tairi la gari la mizigo, na maandishi 8PR, ambayo hayana maana ya tabaka nane bali nguvu inayolingana na tabaka nane za zamani. Baada ya hapo zinafuata namba kama 102/100. Hii ya kwanza ndiyo roho ya jambo. 102 ni kilo 850 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. 100 ni kilo 800, na huhusu magari yenye matairi mawilimawili nyuma. Sasa chukua tairi la gari dogo lenye 91. Hilo ni kilo 615. Mawili yanabeba kilo 1,230, nawe una injini, tangi la petroli, kitanda na watu wawili wamelala juu yake. Tafuta kibati cha gari, soma mzigo wa juu wa ekseli ya nyuma, ugawe kwa mbili, kisha dai tairi linalozidi hapo kwa nafasi ya kutosha. Muuzaji akikuambia kwamba saizi ni ileile na meno ni mazuri zaidi, msikilize kwa adabu na urudi kwenye ile namba.

Herufi ya mwendo haina uzito huo. Q ni kilomita 160 kwa saa, na Kombi yenye injini ya kupozwa kwa hewa haitaifikia hata kwa kuteremka mlima.

Wapo wanaotaka ringi kubwa kidogo, na hilo linawezekana bila kuharibu kitu. 195/70R15C ina kimo karibu sawa na 185R14, kwa hiyo spidomita haidanganyi na giya hazibadiliki tabia, na namba yake ya mzigo kwa kawaida ni 104, yaani kilo 900. Ila usishuke kimo kwa sababu ya urembo. Kombi iliyoinamishwa juu ya tairi jembamba la ubavu mfupi hupendeza ikiwa imeegeshwa. Kwenye kokoto za Kolo au Loliondo hugonga kila jiwe kwa ukingo wa ringi.

Baada ya mzigo, umri. Tafuta herufi DOT. Mwisho wake, upande mmoja wa tairi, pana tarakimu nne ndani ya kidirisha. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna cha kujadili. Kombi za kambi zina ugonjwa wake wa pekee: husimama sana. Ndani ya mpira kuna dawa ya kuukinga na hewa na jua, na dawa hiyo hupanda juu ya ngozi ya tairi pale tairi linapozunguka na kukunjika. Gari linalokaa miezi chini ya mwembe, upande mmoja ukipigwa na jua la alasiri, hupasuka ubavu huku meno yakiwa mapya kabisa. Ndiyo maana meno hudanganya kwa Kombi kuliko kwa teksi. Michelin na Continental wote wanaweka miaka 10 kuwa mwisho wa tairi lolote. Mimi, kwa jua letu, nayatoa yakifika saba. Kunja ubavu kwa mikono miwili, au bonyeza kwa kucha chini ya meno: mpira mzima unarudi kimya, mpira uliokufa unaonyesha nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Hapa niseme kuhusu matairi yaliyotumika, kwa maana ndiyo yanayouzwa kwa wingi, na 185R14C mpya haipatikani kila mji. Sikatazi kununua. Nakataza kununua bila kuona ndani. Tairi lililopakwa dawa nyeusi hung'aa kama kiatu cha harusi. Lifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ngozi yake halisi ijitokeze. Kisha omba livuliwe, uweke mkono ndani, uuzungushe taratibu. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mstari wa mikunjo unaozunguka ubavu kwa ndani kama mkanda, jua tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo. Nyuzi zake zimeungua. Kwa nje hakuna jicho litakaloliona hilo, na siku litakapopasuka halitatoa taarifa. Tazama pia midomo yake inayokaa kwenye ringi: waya ukiwa umepinda au mpira umechanwa na chuma cha fundi, achana nalo.

Kisha kuna tairi lililochongwa. Mafundi wetu wana mkono mwepesi ajabu. Tairi kipara hukatwa mifereji upya kwa kisu cha moto na kuwekwa dukani likiwa na sura ya ujana. Kulitambua si kazi ngumu ukijua pa kutazama. Kiwandani, chini ya mifereji huachwa vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, ili meno yakilingana navyo ujue tairi limekwisha. Kisu cha kuchonga huvifyeka. Mifereji isiyo na vituta hata kimoja, yenye kingo kali na kina kisicho sawa, imechongwa. Ile mikato myembamba kama nywele, ambayo kiwanda huiweka katikati ya jino ili ishike lami yenye maji, nayo hutaiona. Kwenye mkokoteni wa kuvutwa na punda sina ugomvi na tairi la namna hiyo. Chini ya Kombi iliyobeba watoto waliolala, ninao.

Kiraka kizuri hakishushi hadhi ya tairi. Kizuri ni kile kilichobandikwa kutoka ndani, chenye kichwa kama uyoga na mguu unaojaza tundu, tena kwenye uwanja wa meno tu. Kamba ya kuchomekwa kwa nje ni ya kukufikisha nyumbani. Ubavu ulioshonwa kwa uzi, hata ukishonwa kwa ufundi wa kusifiwa, haurudi barabarani.

Ringi ina historia yake, na anayetaka kubadilisha aijue kwanza. Kombi ilianza kutengenezwa Wolfsburg, Ujerumani, mwezi Machi 1950 na ringi za inchi 16. Mwaka 1955 zikawa inchi 15, na kwa modeli ya 1964 zikashuka hadi 14. Mpaka modeli ya 1970 bolti zake tano zilikaa kwenye duara pana la milimita 205. Modeli ya 1971 ilikuja na breki za diski mbele na duara la milimita 112, na ndilo lililodumu kwenye Kombi za Ujerumani za injini ya nyuma zilizofuata. Kwa hiyo Kombi mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya 1970 na nyingine ya 1971, hazibadilishani gurudumu. Nimewahi kuona spea iliyosafirishwa kwa basi kutoka mkoa mwingine ikirudishwa kwa sababu hiyohiyo.

Duara la 112 limewapa wengi wazo la ringi za aloi za Mercedes, maana zina duara hilohilo na tundu la katikati linalokubali kikombe cha Kombi. Zikifungwa vizuri hupendeza, sina ubishi. Shida iko kwenye bolti. Mercedes nyingi za zamani zilitumia bolti za milimita 12, Kombi inatumia 14, na kitako cha bolti hizo ni cha mviringo kama sehemu ya tufe. Kitako cha bolti na kitako cha tundu lazima vilaliane kama kifuniko na chungu chake. Bolti ya kitako kilichochongoka, au ya mviringo usiolingana, hugusa kwenye mstari mmoja tu. Unaikaza leo, baada ya siku chache imelegea. Paka grisi ya rangi kwenye kitako, ikaze, ifungue: alama ikiwa ni duara pana, umepata, ikiwa ni uzi mwembamba, simamisha kazi.

Ringi ya chuma ya asili, 5½J x 14, bado ndiyo ninayoipenda zaidi. Inapinda kabla ya kuvunjika, na hurudishwa. Lakini ihukumu ikiwa imevuliwa, tena kwa upande wa nyuma, ambao hakuna anayeupaka rangi kwa ajili ya kuuza. Kwangua kutu, pitisha mwanga kuzunguka matundu ya bolti na yale ya kupitisha hewa; nyufa huanzia hapo. Tundu la bolti likiwa limegeuka umbo la yai, ringi hiyo ilikimbizwa ikiwa imelegea. Izungushe ikiwa kwenye jeki, ukishikilia penseli karibu na ukingo: pengo lisipanuke na kufinyika. Na rangi mpya isiwe nene pale bolti inapokaa. Rangi nene hubonyea, na inapobonyea bolti hupoteza mkazo. Ringi za zamani zisizo na kituta cha ndani kinachozuia mdomo wa tairi kuteleza zinataka tyubu, hata kama tairi limeandikwa halihitaji.

Kazi ya fundi utaijua kabla hajalishika tairi. Fundi mzuri husafisha mahali pa kukaa midomo mpaka chuma kiwe laini, huweka valvu mpya bila kuambiwa, na hulainisha kwa maji ya sabuni. Akichukua dizeli au grisi, mzuie, maana mafuta hula mpira. Tairi jipya lenye kidoto cha njano, kidoto hicho hukaa penye valvu. Likijazwa upepo, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na ringi: umbali wake toka ukingoni uwe mmoja pande zote. Kisha balansi, vipande vya risasi vya zamani vikiwa vimetolewa vyote.

Kuinua gari kuna hatari yake. Masikio ya jeki chini ya milango ya Kombi hizi huoza kwa ndani, basi inua kwenye chesisi na uweke stendi. Kwa kuwa Kombi ya miaka hiyo inafungwa kwa bolti na si nati, gurudumu halina pa kuning'inia. Mwenye subira hukata kichwa cha bolti ya zamani akaifanya kiongozi. Anakaza kwa mkono kwanza, kwa kurukaruka kama anayechora nyota, kisha anashusha gari na kumalizia kwa spana ya kipimo. Anayeanza na mashine ya upepo tangu bolti ya kwanza haoni kama gurudumu limekaa.

Upepo wa kawaida kwa 185R14C ni karibu pauni 30 mbele na 40 nyuma, tairi likiwa baridi. Fundi aliyezoea magari madogo atajaza 30 kote, na atakuwa ameunyima mzigo wa nyuma nguvu uliyoilipia. Simama naye hapo. Baada ya kilomita 50 kaza tena bolti, na uweke kiganja kwenye kila tairi. Lenye joto kuliko wenzake lina jambo la kusema.

Spea ihesabiwe pamoja na mengine. Kombi nyingi za kambi huibeba puani, chini ya taa, ndani ya kifuniko cha plastiki, ikipigwa na jua mwaka mzima na kuguswa mara moja kwa miaka kadhaa. Nilipoivua ya kwangu mara ya kwanza, kifuniko kilibomoka mkononi. Meno yake yalikuwa hayajawahi kugusa barabara, na tarakimu za DOT zilikuwa tatu.